Kesi ya Utepe

Siku waliyotuletea kampeni ya saratani ya matiti, wanawake wa kijijini kwa dada yangu walikuja na majembe. Kosa halikuwa lao. Mwenyekiti wa kijiji aliagizwa kutoka wilayani awakusanye akina mama wote asubuhi, na yeye hajui njia nyingine ya kukusanya watu zaidi ya kutangaza msaragambo. Kwetu Upareni msaragambo ukitangazwa mnatoka wote kwenda kuchimba barabara au kuzibua mfereji, na asiyetoka anatozwa faini. Basi wakatoka. Wengine walibeba makoleo, bibi mmoja panga, wakajipanga mbele ya zahanati kwenye ukungu wakisubiri kuonyeshwa pa kuanzia.

Gari likapanda kutoka Same, likashusha wanawake wa mjini waliovaa fulana za pinki na viatu visivyojua matope. Mkubwa wao, mama mnene mwenye sauti nzuri, akachukua kipaza sauti.

"Akina mama, leo hatulimi! Leo tunashika matiti!"

"Ya nani?" akauliza bibi mwenye panga.

Watu walicheka mpaka majembe yakaanguka. Yule mama akacheka pia, maana alikuwa na roho nzuri, hilo simnyimi. Akatoa titi la sponji, jeupe kama la Mzungu, akaonyesha namna ya kulizungushia vidole kutafuta uvimbe. Titi likapitishwa mkono kwa mkono. Bibi alilibinya kwa makini, akalirudisha akisema halina maziwa. Kisha yule mama akatuambia mficha maradhi kifo humuumbua, na wote tukaitikia kama watoto wa shule.

Mimi siishi huko juu. Nina cherehani yangu mjini Same, kwenye joto na vumbi, na siku ile nilikuwa nimepanda mlima kwa sababu moja tu, kuhakikisha dada yangu anaingia kwenye foleni. Nilipokwenda kumtembelea kabla ya hapo aliniita chumbani, akauchukua mkono wangu, akaupeleka pembeni ya titi lake la kushoto. Palikuwa na kitu kigumu, kama harage ambalo limegoma kuiva kwenye makande. Nilimwambia twende hospitali kesho yake. Akasema anavuna tangawizi kwanza. Dada yangu ni mkubwa wangu, amenibeba mgongoni, na mtu aliyekubeba mgongoni humwamrishi. Lakini kampeni ilipotangazwa huku mjini nilipanda na kumsukuma kwa maneno mpaka akavaa blauzi safi.

Walikuwa wametundika kanga mbili kwenye mlango wa chumba cha sindano, na nyuma yake alikaa nesi waliyekuja naye kutoka Same. Dada aliingia, akakaa muda mrefu kuliko wenzake. Nesi akatoka, akaniita pembeni.

"Huyu ni nani yako?"

"Dada yangu, tumbo moja."

"Asikae. Mpeleke Moshi wiki hii hii, wakate kinyama wakapime. Kenyewe bado kadogo. Kakiwahiwa, tuna matumaini makubwa. Umenisikia? Wiki hii."

Nilimsikia. Namshukuru mpaka leo, kwa sababu alikuwa mtu pekee katika habari hii aliyesema jambo la maana kwa maneno machache. Lakini yule mama wa kipaza sauti naye alisikia, na furaha ikampanda. Nadhani walikuwa wamezunguka vijiji vingi bila kupata hata mmoja. Akamshika dada mkono, akampandisha kwenye ngazi ya zahanati, akambandika utepe kifuani kwa pini.

"Mpigieni makofi shujaa wetu!"

Wakapiga makofi, wengine kwa mkono mmoja kwenye mpini wa jembe. Dada aliangalia chini. Alikuwa hajui bado anapigiwa makofi kwa kosa gani.

Sasa niueleze huo utepe, maana ndio uliomuua, uvimbe ulimalizia tu. Tepe za pinki zilizoagizwa hazikufika. Watu wa kampeni wakawa na boksi la tepe nyekundu, zile za Siku ya UKIMWI, zilizobaki stoo mahali fulani. Mmoja wao akapata akili ya kuziloweka kwenye dawa ya kung'arishia mashuka. Zilitoka pinki nzuri tu. Ila pale kwenye mkunjo, utepe unapojipinda na kujikata, dawa haikufika vizuri, na wekundu ulibaki. Nesi alinieleza mwenyewe huku akicheka, na mimi nilicheka naye. Mpare hatupi kitu, tukasema.

Kwa Kiswahili chetu cha huku, neno "kupima" likisimama peke yake lina maana moja. Ukisema fulani amekwenda kupima, hakuna anayeuliza kapima nini. Na utepe nao ni hivyo hivyo. Tumeuona ukutani kwenye kila zahanati tangu tukiwa wadogo, tumeuona kwenye fulana na madaftari, hatujawahi kuambiwa kwamba kuna mwingine wenye ukoo tofauti. Dada aliteremka ngazi ile amepima, ana utepe kifuani, na watu wamempigia makofi kwa ujasiri wake. Nani alihitaji kuongezewa maelezo?

Kesho yake bombani wanawake walivuta ndoo zao kando alipofika. Mmoja akamwambia kwa huruma kabisa, "Siku hizi kuna dawa, mama, unaishi tu." Dada akadhani anazungumzia titi. Akamjibu kwamba ameambiwa ni kadogo, atakwenda Moshi wakaondoe. Yule mwanamke akatikisa kichwa kwa kuona jinsi mgonjwa anavyojidanganya.

Shemeji alikuwa akifanya kazi kwenye machimbo ya jasi, Makanya, na alipanda nyumbani mwisho wa wiki akiwa mweupe kope na masikio kwa vumbi. Jumamosi ile alipitia kwanza kilabuni kunywa dengelua, na huko wakampa habari pamoja na kata ya kwanza ya hiyo pombe ya miwa. Nilikuwepo alipoingia, kwa sababu nilikuwa nimepanga tushuke naye dada Jumatatu. Hakunisalimu. Aliunyofoa utepe kwenye blauzi iliyotundikwa ukutani, akaupeleka mlangoni kwenye mwanga, akaufungua ule mkunjo kwa kucha.

"Nyekundu," akasema. "Umepauka tu. Maana yake unao siku nyingi."

Nilimweleza. Nilimweleza habari ya sponji, ya nesi, ya boksi la stoo, ya dawa ya mashuka. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama mimi nikiwa mtu mzima ninaweza kuamini kwamba serikali inafua tepe. Ukweli wenyewe ulikuwa wa kipumbavu kuliko uongo wake.

Usiku ule alilala jikoni. Jumapili, watu walipotoka kanisani, alisimama nje penye watu wengi akasema mkewe amemletea ugonjwa ndani, na kwamba yeye akiwa bondeni anakula vumbi la jasi, kuna mtu huku juu alikuwa anakula tangawizi yake. Alisema kwa sauti ya mtu aliyejiandaa. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini impasukie yeye. Dada hakulia. Alifunga kanga yake vizuri, akamtazama kama mtu anayesoma bei.

Jumatatu tukashuka, si Moshi, Same. Alitaka kupimwa UKIMWI kwanza. Akapimwa, akaonekana hana kitu. Nikasema Mungu mkubwa, sasa twende Moshi. Akasema hapana, turudi.

"Turudi kufanya nini?"

"Kufungua kesi."

Watu wa makabila mengine wanatutania kwamba Mpare atauza ng'ombe aendeshe kesi ya kuku. Huwa tunacheka, kisha tunakwenda kumuuza ng'ombe. Sijawahi kuona utani unaotustahili kama huo. Baba yetu aligombana na jirani juu ya mfereji mpaka wote wawili wakazeeka, na aliposhinda, mfereji ulikuwa umekauka zamani. Alikufa anatabasamu. Dada ndiye aliyefanana naye.

Tuliporudi kwake nilimwambia ni mjinga. Nilimwambia kwa maneno hayo hayo, na heshima yote ya mgongo wake nikaiweka kando. Akanijibu taratibu, akinikunjia nguo zangu kwenye begi.

"Mdogo wangu, wewe umewaona waliotibiwa kansa. Wanakonda. Nywele zinadondoka. Nikirudi hapa nimekonda, nimenyonyoka, watasema nini? Watasema si tulisema? Nitakuwa nimempa ushahidi mimi mwenyewe. Acha jina lisafishwe kwanza, titi litafuata."

"Titi halisubiri."

"Hata jina."

Uchungu wa jibu lile ni kwamba lilikuwa na akili. Ningekuwa ninaishi pale mlimani, nikichota maji bomba lile, sijui kama ningesema tofauti. Lakini sikuwa ninaishi pale, na nilimkasirikia mpaka nikashindwa kumuaga.

Kikao cha ukoo kilikaa, kikaahirishwa. Kikakaa tena, wazee wakasema mambo ya mke na mume yaishe chumbani. Dada akasema hayakusemwa chumbani, yalisemwa mbele ya kanisa, na akayapeleka baraza la kata. Huko nako kulikuwa na zamu za kuahirisha. Mara mjumbe amefiwa, mara mvua imekata barabara, mara shemeji ametuma neno kwamba machimboni hawampi ruhusa. Shemeji alipotokea, akaonyeshwa majibu ya Same, akasema karatasi hununuliwa. Akaulizwa kama na yeye amepima. Akasema hana haja, kwa kuwa yeye hajavaa utepe wowote. Wajumbe wawili waliitikia kwa kichwa.

Kila nilipopanda nilimwomba tuende Moshi japo siku moja, turudi kabla ya tarehe ya shauri. Kila mara tarehe ilikuwa karibu mno. Na kila mara lile harage lilikuwa limekuwa kitu kingine. Aliacha kulalia upande wa kushoto. Akaanza kuvaa kitambaa ndani ya sidiria.

Siku ambayo sitaisahau baraza lilikaa kwenye darasa la shule, wajumbe kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Mmoja wao, mzee aliyewahi kuwa karani kwenye mashamba ya mkonge, alipenda mambo yaende kwa utaratibu. Akasema mlalamikaji anadai utepe ulikuwa wa uvimbe, mlalamikiwa anadai hakuna uvimbe, ni kisingizio. Je, baraza litajuaje?

Dada akasimama. Akafungua vifungo vya blauzi, kimoja kimoja, kama anayejiandaa kunyonyesha, akalitoa titi lake mbele ya watu wazima waliomjua tangu akiwa msichana. Ngozi ilikuwa imejivuta na kutoboka vijishimo kama ganda la chungwa. Chuchu ilikuwa imezama ndani. Pembeni, chini ya kwapa, palikuwa pamefura na kuwa pa zambarau.

"Kielelezo," akasema.

Yule mzee karani akaandika, akitamka polepole, "Kielelezo namba moja." Kisha, kwa kuwa utaratibu ni utaratibu, akamuuliza shemeji kama angependa kukikagua. Shemeji akaangalia dari akasema hapana. Mtu mmoja nyuma akatema mate dirishani. Nilisubiri, nikiwa nimeuma kanga yangu, nikiamini kwamba sasa angalau mmoja wa wazee hawa wenye binti na wajukuu atasema jamani, mpelekeni huyu mwanamke hospitali. Mwenyekiti wa baraza akakohoa, akasema kielelezo kimepokelewa, mlalamikaji anaweza kukifunika.

Mficha maradhi kifo humuumbua, alituambia yule mama mwenye kipaza sauti. Dada yangu hakuficha. Kata nzima ililiona.

Aliyemaliza shauri ni nesi. Mimi ndiye niliyemfuata, nikamsihi, akapanda mlima siku ya mapumziko yake. Alisimama akaeleza habari ya tepe kutofika, ya boksi, ya beseni na ile dawa. Darasa zima lilivunjika mbavu. Walicheka wajumbe, walicheka wanawake waliochungulia madirishani, shemeji mwenyewe akacheka akipiga paja. Serikali kweli imefua tepe! Nesi hakucheka safari hii. Alimtazama dada usoni, kisha mkono wake wa kushoto uliokuwa umevimba mpaka vidoleni, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hamkwenda?" Nikatikisa kichwa. Akachukua mkoba wake akaondoka bila kunywa hata soda.

Dada akashinda. Shemeji akaamriwa atoe mbuzi na mtungi wa dengelua kwa wazee, na asimame mbele ya watu aseme kwa mdomo wake kwamba mkewe hana UKIMWI wala hakufanya uzinzi, na kwamba kilichomsibu ni uvimbe wa titi. Mbuzi aliliwa siku hiyo hiyo. Juu ya lile la kusimama, shemeji aliomba muda. Alisema kashfa aliitoa mbele ya watu wengi, basi si haki kuifuta mbele ya watu wachache. Atasema siku watu wakiwa wengi. Baraza likaona hoja hiyo ina uzito. Na dada naye, Mungu amrehemu, akaona ina uzito.

Jioni ile aliimba akipika. Kesho yake akaniambia, kama anayenifanyia hisani, "Haya, sasa tunaweza kwenda huko Moshi unakokutaka."

Alivaa kitenge nilichomshonea mwenyewe, nikipunguza bega la kulia na kuongeza la kushoto. Daktari alikuwa kijana, mpole, akamwamkia shikamoo kabla ya kumgusa. Akampima, akatupeleka kwenye picha, tukarudishwa, tukasubiri, tukaitwa. Alipoanza kuzungumza alinitazama mimi, na nikajua.

"Mama," akamgeukia, "huu uvimbe mliuona lini?"

Dada akamwambia tangu mavuno ya tangawizi ya mwaka uliopita.

"Muda wote huo mlikuwa wapi?"

Nilitaka kujibu mimi. Nilitaka kutafuta uongo wenye heshima, kwamba hatukujua, kwamba hatukuwa na nauli. Dada akaketi wima, akaweka mkono wake mbovu mapajani juu ya ule mzima.

"Tulikuwa na kesi, daktari," akasema. "Nikashinda."

Nadhani yule kijana alisubiri sehemu iliyobaki ya maelezo, na haikuwepo. Kisha akasema kwamba umeshafika kwenye mapafu na uti wa mgongo, kwamba kukata hakutasaidia tena, na kwamba atatuandikia dawa ya maumivu iliyo nzuri. Dada akamshukuru sana. Njia nzima ya kurudi aliangalia mashamba ya mkonge nje ya dirisha, na tulipokaribia Same akaniuliza kama nadhani shemeji atasema kwa Kiswahili au kwa Chasu, yaani Kipare chetu. Yeye angependa Kiswahili, ili na wageni waelewe.

Aliugua nyumbani kwake, nami nilifunga cherehani nikapanda kumuuguza. Sitaeleza harufu. Wale wanawake wa bombani walikuja mmoja mmoja na makande kwenye hotipoti, wakakaa kitandani pake, wakamlisha kwa kijiko hicho hicho walicholia wao, kuonyesha kwamba hawamwogopi tena. Yeye alimuuliza kila mmoja, "Hukumu umeisikia?" Wakasema wameisikia. Shemeji alikuwa anapanda kila mwisho wa wiki, anapasua kuni, anamnunulia maziwa. Nilimchukia mpaka nikawa siwezi kula chakula kilichoivishwa na kuni zake. Dada hakumchukia. Alimuuliza tu, kila Jumamosi, na sauti ikipungua, "Lini, baba watoto?"

"Watu bado ni wachache," alimjibu. "Subiri sikukuu."

Sikukuu hakuifikia. Alikufa wakati wa mvua, alfajiri, akiwa na uzito wa mtoto.

Watu walikuja wengi kuliko nilivyowahi kuona mlimani kule. Walitoka Makanya machimboni, walitoka Kihurio, walitoka mjini. Jeneza lilipokuwa limeshateremshwa na udongo wa kwanza haujatupwa, shemeji akasogea ukingoni, akavua kofia, akakohoa. Akasema kwa Kiswahili safi kwamba mke wake hakuwa na UKIMWI, hakuwa mzinzi, alikuwa na uvimbe wa titi, na kwamba yeye alimsingizia, anaomba radhi. Alisema vizuri, akatokwa na machozi. Watu wakanong'ona kwamba huyu kweli ni mwanamume. Mwenyekiti wa baraza, aliyesimama na mwavuli upande wa pili wa kaburi, akasema kwa sauti kwamba hukumu imetekelezwa na shauri limefungwa.

Sikuwa nimepanga kusema neno. Nilimwambia shemeji arudie, kwa sababu wanawake walioko jikoni hawakusikia. Akanitazama, akaona sitanii. Akageuka kuelekea jikoni, akarudia yote tangu mwanzo, kwa sauti kubwa zaidi, na wachimba kaburi wakasubiri na makoleo yao mpaka alipomaliza.